Potensheli ya kielektrokemikali
Potensheli ya kielektrokemikali ni kipimo cha nishati ya chembe yenye chaji, hasa ioni, ambamo sehemu mbili hujumlishwa: ya kikemikali, itokanayo na ukolezi, na ya umeme, itokanayo na chaji ya ioni na volti ya mahali ilipo. Ioni huelekea pale potensheli hiyo iliko ndogo, na mwendo wa jumla hukoma pande mbili zikilingana.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika seli ya neva. Ndani yake potasiamu hufikia takriban milimoli 140 kwa lita. Nje ni 4 au 5 tu. Kwa ukolezi peke yake, ioni zingetoka kwa wingi. Lakini ndani ya utando kuna takriban milivolti -70, na hali hiyo hasi huzivuta ioni chanya zibaki. Mizani ingekaa sawa kwenye milivolti -90 hivi. Kwa kuwa neva iliyotulia haijafika hapo, potasiamu huvuja kidogo kidogo, na pampu ya sodiamu na potasiamu huirudisha ndani kwa nishati ya molekuli iitwayo ATP.

Utata huzuka pale baadhi ya waandishi wanapolitumia jina hilohilo kwa potensheli ya elektrodi, ambayo ni jambo jingine kabisa. Kwa mfano, tofauti ya potensheli za elektrodi mbili katika seli ya umeme ya Daniell ya mwaka 1836, yenye zinki na shaba, ni takriban volti 1.1. Msomaji na atazame kizio kwanza: jouli kwa moli ni potensheli ya kielektrokemikali, volti ni ya elektrodi.