Alikuwapo, Alikuwako, Alikuwamo: Kumbukumbu za Mahali na Misiba ya Taifa, Balambala na Garissa

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jambo moja katika masimulizi ya historia, nalo ni desturi ya watu kutaja mahali walipokuwa siku taifa lilipofikwa na msiba. Desturi hiyo ni ya kawaida mno hata ni rahisi kwa mwanahistoria kuipita bila kuiangalia. Mkenya mwenye umri wa kutosha akiulizwa habari za kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, kilichotokea Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, mara nyingi haanzi kwa kumtaja marehemu. Huanza kwa kueleza kwamba alikuwa shambani, au darasani, au safarini. Redio ya nani ilikuwa ikisikika. Na nani alikuwa karibu naye alipoisikia habari. Anayesimulia hakuwa Mombasa, wala hakuona lolote, lakini anayo kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni ya mahali alipokuwa yeye mwenyewe.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba msiba huwa wa taifa pale ambapo watu wasiokuwapo hukumbuka walikokuwa. Wingi wa waliokufa peke yake hautoshi. Mfano utachukuliwa kutoka Balambala, mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa, wenye wafugaji wa Kisomali na, ukingoni mwa mto, wakulima wa Kimunyoyaya. Watu wa huko wameishi karibu na misiba miwili mikubwa ya Garissa, wa mwaka 1980 na wa mwaka 2015. Misiba hiyo ilitokea katika mji mmoja, lakini haikukumbukwa kwa namna moja.

Mahali na wakati katika lugha

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kuangalia jinsi Kiswahili kinavyotaja mahali. Lugha hii ina viambishi vitatu vya kazi hiyo. PA huonyesha mahali mahsusi panapojulikana. KU huonyesha mahali pasipobainishwa au upande fulani, mara nyingi kwa mbali. MU huonyesha ndani. E. O. Ashton aliifafanua tofauti hii katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, na tangu hapo imekuwa ikifundishwa darasani. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku, hasa katika miji ya bara, neno "yuko" limezimeza "yupo" na "yumo". Hata hivyo tofauti yenyewe haijafa, na kwa mwenye kukusanya kumbukumbu ina manufaa makubwa, kwa sababu inampa aina tatu za shahidi: aliyekuwapo, yaani aliyefika mahali pa tukio akaliona, aliyekuwamo, yaani aliyefungiwa ndani ya tukio asiweze kutoka, na aliyekuwako, yaani aliyekuwa kwingine, habari ikamfikia huko.

Jambo la pili ni kwamba kiambishi -po- hubeba mahali na wakati pamoja. "Alipolala" huweza kuwa ni wakati wa kulala kwake au ni pale alipolala, na muktadha peke yake ndio huamua. Kwa hiyo anayesema "niliposikia habari ile" ametaja saa, na papo hapo ameanza kutaja mahali. Si ajabu basi kwamba katika masimulizi ya Kiswahili mambo haya mawili hayatengani.

Wataalamu wa elimunafsia nao wameligusa jambo hili. Mnamo mwaka 1899 Colegrove alichapisha uchunguzi wake Marekani, ambamo watu 179 waliulizwa kama walikumbuka walikokuwa waliposikia kwamba Rais Lincoln ameuawa mwaka 1865. Watu 127 kati yao waliweza kueleza kwa ukamilifu, ingawa miaka zaidi ya 30 ilikuwa imekwisha kupita. Brown na Kulik waliandika mwaka 1977 kwamba habari ya ghafla hupigwa chapa akilini kama picha. Baadaye Neisser aliwapinga. Yeye na Harsch waliwauliza wanafunzi habari za kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, mara moja siku iliyofuata na mara ya pili baada ya miaka kadhaa, wakaona kwamba wengi walibadili maelezo yao huku wakiwa na hakika kuwa wanasema kweli. Tangu mwaka 1982 Neisser alikuwa ameeleza kwamba kumbukumbu za aina hii hudumu kwa sababu ndipo mtu anapoyaunganisha maisha yake na historia ya watu wote. Maelezo hayo ndiyo yanayofaa zaidi hapa. Anayesema "nilikuwa mahali fulani" hatoi ushahidi juu ya tukio; anatoa ushahidi kwamba yeye ni mmoja wa waliofiwa.

Swali la mfiwa na swali la askari

Katika sehemu nyingi za Kenya swali la "ulikuwa wapi?" huulizwa na rafiki kwa rafiki. Katika Kaskazini-Mashariki swali hilo lina historia nyingine. Serikali ya kikoloni iliiweka nchi hiyo mbali na nchi nyingine kwa sheria za wilaya zilizofungwa, na sheria ya mwaka 1934 ya kutawala wilaya maalum ikawapa watawala uwezo mkubwa juu ya mwendo wa wafugaji. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba Wasomali wa wilaya hizo walitaka kujiunga na Somalia. Pamoja na hayo, mwezi Machi 1963 iliamuliwa kwamba wangekuwa na jimbo lao ndani ya Kenya. Wiki mbili tu baada ya uhuru, mwezi Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na aliyekutwa nje bila ruhusa aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Waborana wa Isiolo wanaziita nyakati hizo Daaba, jina lenye maana ya kusimamishwa.

Vita vilikwisha lakini sheria hazikuondoka. Sheria ya mwaka 1970 ilizuia mashtaka juu ya vitendo vya askari na watumishi wa serikali katika eneo hilo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, na sheria za hali ya hatari zenyewe hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Mwishoni mwa mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa wajiandikishe upya na kupewa kadi ya pekee juu ya kipande cha kawaida.

Yatokana na hayo kwamba kwa mtu wa Balambala swali la "ulikuwa wapi?" lilikuwa pia swali la kituo cha polisi na la kizuizi cha barabarani, na lilikuja kwa Kiswahili, lugha ya amri. Aliyejibu kwamba alikuwapo alijitia katika hatari ya kushukiwa. Aliyejibu kwamba alikuwa kwingine alitakiwa kuthibitisha. Mtu aliyezoea kuulizwa hivyo hujifunza kunyamaza, na kimya chake hakina maana kwamba amesahau. Nyumbani, kwa Kisomali, kumbukumbu ziliendelea kusemwa. Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya kale ya kuipa miaka majina kwa kufuata ukame, maradhi ya mifugo au mauaji, na mtu huitaja siku ya kuzaliwa kwake kwa jina la mwaka kama huo.

Garissa, 1980

Mwezi wa Novemba 1980 watu wenye silaha waliwaua maofisa kadhaa wa serikali mjini Garissa. Majeshi ya usalama yalijibu kwa kuwaadhibu wakazi wote wa mji. Mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na watu wakakusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa humo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi walikufa, na idadi yao haijapata kukubaliwa na pande zote.

Katika msiba huu mashahidi wa aina mbili wanapatikana kwa urahisi. Wako waliokuwamo, yaani waliofungiwa uwanjani. Na wako waliokuwapo, walioona moshi wa mtaa wao au waliokimbilia vichakani. Kwa watu wa mto, kama wale wa Balambala, aina ya tatu nayo ilikuwapo, kwa kuwa Garissa ndio mji wa soko, wa hospitali na wa ofisi za wilaya, na mtu wa kwao alipoondoka asubuhi kwenda mjini, waliobaki walihesabu siku za kurudi kwake. Lakini aina hii ya tatu iliishia hapo hapo. Katika nchi kwa jumla hakuna kumbukumbu inayosemwa sana ya mahali mtu alipokuwa aliposikia habari za Bulla Kartasi, kwa sababu habari zenyewe hazikutolewa kwa namna ya kumfanya msikilizaji asimame. Kwa Wakenya wengi siku hiyo haikuwa siku.

Hali ilikuwa ile ile mwezi Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walipokusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wao kuuawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni watu 57, idadi ambayo wenyeji wameikataa daima. Jambo hilo lilibaki msiba wa Wajir. Ilipofika Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya hadhara mjini Garissa, na kwa mara ya kwanza waliokuwamo mwaka 1980 wakaulizwa na chombo cha serikali walikuwa wapi, safari hii kama mashahidi. Miaka 30 ilikuwa imepita. Ripoti ya Tume ilitolewa Mei 2013, na tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa makosa ya serikali zilizotangulia.

Garissa, 2 Aprili 2015

Wiki moja kamili baada ya maneno hayo, Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, watu wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Waliwatenga wanafunzi kwa dini zao na kuwaua wale wasio Waislamu. Watu 148 walikufa, na 142 miongoni mwao walikuwa wanafunzi, wengi wao waliotoka mikoa mingine ya Kenya.

Safari hii mashahidi wa aina ya tatu walienea nchi nzima. Wanafunzi waliokuwamo mabwenini waliwapigia simu wazazi wao, na mzazi aliyekuwako magharibi mwa Kenya au Nairobi aliisikia sauti ya mwanawe kutoka ndani ya tukio. Baadaye jamaa walingoja katika uwanja wa Nyayo na katika chumba cha maiti cha Chiromo. Vijana wakaanza kuyatangaza majina na picha za waliokufa, wakisisitiza kwamba 147, idadi iliyotangazwa kwanza, haikuwa hesabu tu. Kila Mkenya aliyekuwa na akili zake siku hiyo anaweza kusema alikuwa wapi. Kwa kipimo kilichotajwa mwanzoni, huu ulikuwa msiba wa taifa bila shaka.

Ni hapa ambapo mtu mzima wa Balambala anasimama mahali pagumu. Siku ile naye alifiwa kama Mkenya, na mji uliotiwa doa ulikuwa mji wake. Lakini amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River ilimrudishia swali la zamani, na akajikuta anaulizwa mara mbili: na rafiki, alikuwa wapi aliposikia, na askari, alikuwa wapi usiku. Kisha alisikia wasemaji wakitaja Garissa kana kwamba mji huo haukupata kuona damu kabla ya mwaka 2015. Yeye alikumbuka mwaka 1980, ila hakuwa na mtu wa nje wa kukumbuka naye.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyesha kwamba kutaja mahali ni njia ya mtu kujihesabu miongoni mwa wafiwa, na kwamba msiba wa 1980 ulinyimwa wafiwa wa mbali, ilhali ule wa 2015 ulipewa. Kuilinganisha misiba hii si kuishindanisha. Wanafunzi wa mwaka 2015 hawapungukiwi na lolote wakikumbukwa pamoja na watu wa Bulla Kartasi.

Kazi iliyobaki ni ya aina mbili. Kwanza, masimulizi ya waliokuwamo na waliokuwapo yakusanywe upesi, kwa Kisomali na kwa Kimunyoyaya kwanza, ndipo yafasiriwe kwa Kiswahili. Maana kijana wa miaka 20 mwaka 1980 amekwisha kuwa mzee, na katika lugha ya amri hatasema yote. Mkusanyaji atenge kwa uangalifu lile ambalo msimulizi aliliona na lile aliloambiwa, kama Vansina alivyowafundisha wanahistoria wa masimulizi tangu mwaka 1961. Pili, yafundishwe katika shule za nchi nzima. Mwanafunzi wa Nakuru au Kisumu hawezi tena kuambiwa akumbuke alikokuwa Novemba 1980, kwani hakuwa amezaliwa. Anaweza, hata hivyo, kuwauliza wazazi na babu zake walikuwa wapi. Wakijibu kwamba hawakupata kusikia, jibu hilo nalo ni historia, na linafaa kuandikwa.