Kipokezi kilichofichua siri ya homa ya Garissa

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliifurikisha Garissa, nchini Kenya. Kondoo, mbuzi na ngamia wakatupa mimba, kisha watu wakaanza kufa wakitokwa na damu. Vipimo vilionyesha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham baada ya kuua kondoo huko Naivasha. Wachunguzi walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Wengi walipona. Lakini virusi viliwezaje kuizidi kabisa kinga ya wengine?

Njia ya kulijibu swali hilo ilianzia London mwaka 1957, Isaacs na Lindenmann walipogundua interferoni. Hii ni saitokini, kijumbe ambacho seli iliyovamiwa na virusi huwatumia jirani zake wajihami. Lakini ujumbe haufiki pasipo kipokezi, protini iliyosimama juu ya seli kuupokea. Mwaka 1990 watafiti nchini Ufaransa walipata jeni ya kipokezi cha interferoni cha binadamu. Tangu hapo iliwezekana kuipandikiza jeni hiyo katika seli za maabara zizalishe protini ya kipokezi, isafishwe, kisha ipimwe inavyoishika interferoni. Iliwezekana pia kuzalisha panya wasio na kipokezi hicho.

Panya hao ndio waliotoa jibu. Mwaka 2001 Michèle Bouloy wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake walichunguza Kloni 13, aina ya virusi vya homa hii iliyopoteza sehemu kubwa ya jeni ya protini iitwayo NSs. Panya wa kawaida hawakudhurika. Wasio na kipokezi walikufa. Ikadhihirika kuwa kazi ya NSs ni kuizuia seli isitengeneze interferoni: vipokezi vipo, ila hakuna ujumbe unaovifikia. Kwangu mimi, hakuna jaribio lililoeleza vizuri zaidi mateso ya 1997.

Desemba 2006 homa ilirejea Garissa, na biashara ya mifugo ikasimama. Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150. Wafugaji wa Kisomali, wanaouita ugonjwa huu sandik, walikuwa wameshaona mbu wengi na mimba zikitoka kabla tahadhari rasmi haijawafikia. Walistahili kusikilizwa mapema.

Kwa muda mrefu mifugo ya Kenya imechanjwa kwa Smithburn, chanjo inayoweza kutoa mimba, na mfugaji mwenye kondoo wenye mimba ana haki ya kuihofia. Afrika Kusini iliidhinisha Kloni 13 kuwa chanjo ya mifugo mwaka 2010. Huku kwetu, George Warimwe na wenzake wa Kilifi na Oxford wameunda nyingine, iliyojaribiwa kwa mifugo nchini Kenya, kisha kwa watu nchini Uingereza. Chanjo hiyo huiandaa kinga kabla virusi havijapata nafasi ya kuzima interferoni.