Sensa imekufa

Gereji nyingi hukata shauri kwa maneno mawili: sensa imekufa. Kufa kwa maana ya kuharibika ni Kiswahili safi. Saa hufa, redio hufa, betri hufa. Lakini sensa ya joto la mafuta ya giaboksi haina ubovu wa namna moja, na neno hili huficha tofauti ambayo mwenye gari huilipia.

Ndani ya sensa hii mna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri mafuta yanavyopata joto. Waya ukikatika, kompyuta ya gari husoma baridi ya kupindukia, mara nyingi nyuzi 40 chini ya sifuri, na kuandika msimbo wa hitilafu P0713. Waya ukigusa bodi, husoma joto kali mno: P0712. Katika hali zote mbili sensa yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa. P0711 ni jambo jingine: namba inasomeka ila haiaminiki, pengine imeganda palepale hata gari likienda mwendo mrefu. Hiyo haijafa, inadanganya, na ningependa mafundi waseme hivyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu. Gari likilala usiku kucha, asubuhi joto la giaboksi lapaswa kukaribiana na la maji ya rejeta. Kisha ndipo mita ishikwe, plagi na waya vikaguliwe. Katika giaboksi nyingi sensa hii imo ndani. Kuibadilisha ni kumwaga mafuta na kushusha sampo, gharama kubwa kwa kosa lililokuwa kwenye plagi.