Zuzu, Yosemite na kamera iliyorudishwa Pwani

Ukitaja Zuzu mbele ya watu wa Dar, lazima mmoja atacheka. Kwa Kiswahili chetu zuzu ni mtu aliyepumbaa, asiyejua hili wala lile. Haya, mkimaliza kucheka tuendelee. Zuzu ninayoisema mimi ipo magharibi ya Dodoma mjini, kwenye Reli ya Kati. Ukitoka Dodoma kwa gari moshi kuelekea Kigoma ni kituo cha mwanzo mwanzo tu. Kuanzia hapo nchi inateremka polepole hadi mbuga za Bahi, ndani ya Bonde la Ufa, na mbele zaidi unauona ukuta wa bonde upande wa Kilimatinde.

Kitu kinachovuta jicho huku ni mawe. Majabali ya granaiti yamesimama katikati ya mibuyu na miiba, mengine yamebebana kama watoto mgongoni. Granaiti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jioni jua likilala linageuka rangi ya kutu, na kila mwenye simu anapiga picha. Swali langu ni hili: picha hizo zina kazi gani? Historia ina jibu, na jibu lenyewe linaanza na wapiga picha wawili wa zama moja.

Wa kwanza ni James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1860 Grant alifika Zanzibar akiwa na kamera, na akapiga picha za mjini. Enzi hizo kupiga picha ilikuwa kazi ya sulubu. Unapaka dawa kwenye kioo, unakiingiza kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, halafu unakimbilia ndani ya hema la giza kukisafisha kabla hakijakauka. Sasa weka hema hilo kwenye jua letu. Speke aliona kazi hiyo itamuua mwenzake kwa joto. Wakiwa bado hawajaingia Ugogo, akairudisha kamera Pwani pamoja na wagonjwa wa msafara. Grant akabaki na penseli na rangi.

Kwa hiyo mwishoni mwa 1860 msafara ule ulikatiza Ugogo bila kamera. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, kilipambwa zaidi kwa michoro ya Grant. Na Ugogo ilijulikana Ulaya kwa nini? Kwa kiu, miiba na hongo! Kuanzia Burton hadi Stanley, kila msafiri alilalamikia hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Ajabu ni kwamba kulipia njia na maji katika nchi ya wenyewe kuliitwa usumbufu. Leo tungeiita kodi.

Wa pili ni Carleton Watkins. Miezi michache baadaye, mwaka 1861, yeye alipandisha nyumbu kwenye bonde la Yosemite, California, wakiwa wamebeba kamera kubwa ya kutumia vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Yosemite nayo ni nchi ya granaiti. Jabali moja tu, El Capitan, lina urefu wa mita 900 hivi kutoka chini hadi kileleni. (Kwa umri, granaiti yao ina miaka milioni 100 hivi. Mbele ya mawe ya Dodoma ni kitukuu.) Picha za Watkins zilioneshwa New York mwaka 1862, watu wakaduwaa. Zinatajwa miongoni mwa vitu vilivyowashawishi wakubwa wa Washington, na tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde lile kwa ajili ya umma.

Ukiishia hapo utasema: kumbe kamera inaokoa mawe! Ni kweli, lakini nusu tu. Mwaka 1851, miaka kumi kabla ya Watkins kufika, kikosi cha wanamgambo kiliingia Yosemite na kuwafukuza Waahwahneechee, wenye bonde lao. Picha zilizosifiwa sana zilionesha maporomoko, misonobari na mawe, kama vile hapajawahi kuishi mtu. Kamera ileile iliyookoa jabali ilisaidia kumsahaulisha mwenye jabali.

Turudi kwetu. Kilomita kama 180 kaskazini ya Dodoma kuna Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya kale kwenye miamba. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko miezi akiinakili. Hakutegemea kamera, kwa sababu rangi zilikuwa zimefifia mno. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mstari kwa mstari, hadi akapata takriban michoro 1,600. Kitabu chake cha mwaka 1983 alikiita sanaa ya Afrika inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Kolo kwenye Urithi wa Dunia, na safari hii wenyeji walihesabiwa: matambiko yanayoendelea pale ni sehemu ya sababu zilizotolewa. Hapo ndipo Kolo inapoizidi Yosemite ya 1864.

Na mawe ya Zuzu je? Hayana mchoro wa kuyatetea. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 ukawa jiji. Jiji linataka kokoto, na kokoto ni jabali lililovunjwa. Simlaumu mama anayeponda mawe kando ya barabara chini ya mwavuli uliochanika. Ada ya mtoto inatoka pale, na nyumba tunazopanga zimesimama juu ya nyundo yake. Ila jabali lililokaa miaka bilioni mbili na nusu likishapakiwa kwenye lori, halirudi.

Ndiyo maana nasema picha ya jua likizama nyuma ya jiwe, bila jina wala tarehe, ni pambo tu. Ukipita Zuzu piga picha, lakini muulize mzee wa hapo jiwe linaitwaje, nani aliabudu au alichunga chini yake, mvua iliombwa wapi. Andika kijiji na mwaka. Mpige picha na mponda kokoto, akikubali, naye ni sehemu ya habari ya jiwe hilo. Grant alikuwa na sababu: joto lingemuua. Sisi kamera tunalala nazo chini ya mto. Jiwe likiisha na hatujui hata lilikuwa linaitwaje, nani zuzu hapo?