Kutangulia na Kufuata: Viwakilishi vya Mtendwa na Jerundio katika Historia ya Kihispania

Vitabu vya sarufi ya Kihispania hutoa kanuni moja fupi juu ya viwakilishi vya mtendwa. Kitenzi chenye kuonyesha nafsi na wakati hutanguliwa na kiwakilishi, ilhali kitenzi-jina, jerundio na amri isiyokanushwa hufuatwa nacho, viwili hivyo vikiandikwa kama neno moja. Kwa hiyo husemwa lo leo, “nakisoma”, lakini leyéndolo, “akikisoma”. (Katika akikisoma yetu, -ki- ya kwanza ni ya wakati na ya pili ni ya kitabu, Mhispania hana sababu ya kuhangaika na jambo hilo.) Kanuni hiyo hufundishwa kana kwamba ilizaliwa pamoja na lugha yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni zao la mabadiliko ya karne kadhaa, na kwamba asiyeyajua mabadiliko hayo aweza kuyasoma maandishi ya kale kama mrundo wa makosa.

Kilatini hakikuwa na viwakilishi vya nafsi ya tatu vya namna hii. Vilitokana na kionyeshi ille, “yule”: illum ikawa lo, illam ikawa la, illi ikawa le. Neno lililokuwa na mkazo wake lilinyauka, likapoteza silabi yake ya kwanza, likabaki kuegemea neno jingine. Jerundio nayo ni urithi wa Kilatini: cantando, ambayo hapo awali ilikuwa na maana ya “kwa kuimba”, ikaja kuwa “akiimba”.

Je, neno hilo lililokosa mkazo liegemee wapi? Katika Kihispania cha Enzi za Kati jibu halikutegemea aina ya kitenzi bali nafasi katika sentensi. Kiwakilishi hakikuruhusiwa kuifungua sentensi. Sheria hii ilielezwa na Adolf Tobler mwaka 1875 kuhusu Kifaransa cha kale, na Adolfo Mussafia mwaka 1886 kuhusu Kiitaliano. Kihispania cha kale kiliitii vilevile. Sentensi ilipoanza na kitenzi, kiwakilishi kilikifuata: díxolo, “alilisema”. Kilipotokea kikanushi au kiunganishi mbele ya kitenzi, kiwakilishi kilisogea huko mbele: non lo dixo. Hata wakati ujao uliweza kupasuliwa, ikasemwa dezirlo he, “nitalisema”, kiwakilishi kikiwa kimeketi katikati ya kitenzi na kisaidizi ambacho baadaye kiligeuka kuwa kiambishi tamati.

Jerundio ilikuwa chini ya sheria hiyohiyo. Iliposimama mwanzoni ilifuatwa: sabiéndolo. Ilipokanushwa ilitanguliwa: non lo sabiendo, “pasipo kulijua”. Umbo hili la pili, ambalo mwalimu wa leo angelipigia mstari mwekundu, lilikuwa Kihispania safi, na liliendelea kuandikwa hata katika karne ya 16.

Jambo hili lisiwe geni kwa wanaoshughulika na Kiswahili. Kirejeshi chetu hukaa mwishoni katika asomaye, lakini kikanushi kiingiapo, kirejeshi husogea mbele ya mzizi: asiyesoma. Sidai kwamba sababu ni moja. Nadai tu kwamba kipande kidogo cha neno kuvutwa mbele na ukanushaji si ajabu ya Wahispania peke yao.

Kati ya karne ya 15 na ya 17 mfumo huo ulivunjika. Kiwakilishi kilianza kuruhusiwa kuifungua sentensi, na vitenzi vyenye nafsi vikakubali kutanguliwa daima. Díjole ya waandishi wa karne ya 19 ni pambo la kimaandishi tu. Kwa nini jerundio isifuate njia hiyo? Kwa maoni yangu, sababu ni mahali ambapo kila umbo lilizoea kusimama. Kitenzi chenye nafsi mara nyingi kilikuwa na kitu mbele yake: mtenda, kikanushi, kiunganishi. Jerundio, kinyume chake, mara nyingi huanzisha kishazi chake yenyewe bila kiunganishi. Watoto waliojifunza lugha walisikia lo mbele ya kitenzi cha kwanza na nyuma ya kile cha pili, wakadhani kwamba tofauti imo katika vitenzi vyenyewe. Sheria ya sentensi ikageuka sheria ya umbo.

Mabaki ya hali ya kale yamo katika amri: dímelo, “niambie hilo”, lakini no me lo digas, “usiniambie hilo”. Huko ukanushaji bado unavuta. Katika jerundio umeacha kuvuta, na leo husemwa no sabiéndolo. Kireno hakikufika huko. Mreno husema não o sabendo, na husema em se tratando disso, “ikiwa ni habari ya jambo hilo”, kiwakilishi kikitangulia jerundio.

Palipo na kisaidizi Kihispania kimebakiza hiari: lo estoy leyendo na estoy leyéndolo zote mbili ni sahihi, na zamani palikuwa na ya tatu, estábalo leyendo, “alikuwa akikisoma”. Kiswahili hakina uhuru huo: twasema anaendelea kukisoma, wala hakuna asemaye anakiendelea kusoma.

Wanasarufi walilitazama suala hili kwa macho mbalimbali. Antonio de Nebrija, katika sarufi yake ya mwaka 1492, aliihesabu jerundio kuwa aina ya neno inayojitegemea, moja kati ya kumi. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyechapisha sarufi yake huko Chile mwaka 1847 kwa ajili ya wasemaji wa Amerika, alivipa viwakilishi majina mawili kwa kuangalia mahali tu: afijos vinapotangulia, enclíticos vinapofuata. Naiona njia ya Bello kuwa ya busara zaidi, kwa kuwa hakijifanyi kiwakilishi kuwa vitu viwili.

Walio hatarini zaidi kudanganywa na kanuni ya shuleni ni wahariri wa hati. Katika hati ya utenzi wa Mio Cid, ambao sarufi yake ilichambuliwa na Ramón Menéndez Pidal katika miaka ya 1908 hadi 1911, huonekana maumbo kama nol, yaani no na le vilivyoshikana, e ikiwa imedondoka. Hapo kiwakilishi kinaliegemea neno lililokitangulia, si kitenzi kinachokuja. Mhariri akiyatenganisha na kuchapa no le ili kumsaidia msomaji, kitenzi kitaonekana kuwa ndicho mwenyeji wa le, na ushahidi wa sheria ya kale utakuwa umefutwa kwa herufi moja na nafasi moja tupu.