Jalada na Bango: Namna Taswira Ilivyosimama Mdhamini wa Sauti

Katika bidhaa zote zilizopata kunadiwa madukani tangu kuenea kwa viwanda, santuri ilikuwa na shida yake ya peke yake, kwa kuwa kitu hasa kilichouzwa, yaani sauti, hakionekani wala hakishikiki, na mnunuzi aliyesimama mbele ya dirisha la duka aghalabu alitakiwa atoe fedha kwa nyimbo ambazo nyingi katika hizo hajapata kuzisikia. Ikabidi atafutwe mdhamini wa kusimama badala ya sauti hiyo, naye akawa ni taswira: picha, rangi, hati na nafasi tupu, vikapangwa juu ya karatasi kwa ustadi hata jicho likaahidiwa lile ambalo sikio bado halijalipata. Nia yangu ni kueleza jinsi dhamana hiyo ilivyokua katika Marekani na Uingereza, ambako biashara hii ilipevukia. Na kauli yangu ni kwamba tangazo la santuri lilizidi kupata nguvu kwa kadiri lilivyozidi kumwachia mtazamaji sehemu ya kazi aikamilishe mwenyewe.

Mdhamini wa kwanza aliyejulikana dunia nzima alikuwa mbwa. Mchoraji wa Kiingereza, Francis Barraud, alimchora akiwa ameinamisha kichwa mbele ya mashine ya sauti, na mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ikainunua picha ile kwa sharti kwamba mashine iliyochorwa awali ifutwe na mahali pake iwekwe mashine ya kampuni yenyewe. Picha ile haikutaja wimbo wala mwimbaji. Ilishuhudia jambo moja tu, kwamba sauti itokayo katika pembe ya shaba ni ya kweli kiasi cha mnyama kuamini kuwa bwana wake yu karibu. Ni mbwa huyo huyo aliyezunguka juu ya sahani za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, baada ya yeye na wenziwe kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, na watu wa pwani yetu wakazinunua kwa ajili ya sauti, maana uso wa mwimbaji haukuwa sehemu ya biashara ile.

Hata kufikia mwisho wa miaka ya 1930, sahani kadhaa za mkusanyo mmoja zilifungwa pamoja katika jalada kama la kitabu, la rangi ya kahawia au kijivu, lenye jina lililopigwa chapa mgongoni basi, na wenye biashara wenyewe wakayafananisha majalada hayo na mawe ya makaburini. Aliyeyafufua ni Alex Steinweiss, mzaliwa wa Brooklyn, aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia kuwa msanifu wake. Mwaka 1940 alikwenda na mpiga picha mbele ya Imperial Theatre mjini New York, akaomba herufi za taa zilizokuwa juu ya mlango zibadilishwe kwa muda zisome jina la mkusanyo wa nyimbo za Rodgers na Hart, na picha ya taa zile ikawa jalada. Busara ya tendo hilo haijaisha mpaka leo, kwani mnunuzi hakupewa habari ya nyimbo tu, bali alisimamishwa barabarani usiku, mbele ya mlango ambao nyuma yake onyesho li karibu kuanza, na kuufungua mlango huo kukawa ni juu yake. Columbia ilipoleta mwaka 1948 santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, Steinweiss huyo huyo ndiye aliyebuni bahasha yake ya kadibodi, na hivyo wasanifu wakapata uwanja wa mraba wa sentimita 31 hivi kila upande, ambao waliutawala kwa zaidi ya miaka 30.

Mwanzoni uwanja ule ulijazwa nyuso. Jalada la Elvis Presley la mwaka 1956 lilimwonyesha amefumba macho na kufumbua kinywa, jina lake likishuka pembeni na kupita chini kwa herufi nene za waridi na kijani, na mtu aliweza kukadiria ukubwa wa sauti kwa upana wa kinywa. Mwaka 1963 Robert Freeman akawapiga picha vijana wa The Beatles wakiwa nusu ya nyuso zao zimo gizani, hakuna hata mmoja anayetabasamu, katika zama ambapo waimbaji wa vijana walitabasamu kila mahali. Na upungufu ule wa nuru ukawaheshimisha kuliko tabasamu lolote, kwa kuwa mtazamaji alilazimika kuitafuta nusu nyingine.

Mapinduzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalitokea San Francisco katika miaka ya 1966 na 1967, ingawa mabango ya huko yalitangaza maonyesho ya ukumbini kabla mtindo wake haujahamia kwenye santuri. Mchora mabango Wes Wilson alichukua hati zilizojaa na kubanana za Alfred Roller wa Vienna, akazinyosha na kuzipinda hata zikawa kama zinatiririka. Mwenziwe, Victor Moscoso, aliyekuwa amesoma Yale kwa Josef Albers, bingwa wa elimu ya rangi, aliweka pamoja rangi zinazokinzana, kama vile nyekundu na kijani, au buluu na chungwa, zote zikiwa na ukali ulio sawa, hata jicho likashindwa kuamua ipi iko mbele na ipi iko nyuma, na herufi zikaonekana kutetemeka. Kila kanuni ya matangazo iliyokuwa ikifundishwa ilisema kwamba bango lazima lisomeke upesi. Hawa walitaka lisisomeke upesi. Mpita njia aliyefungwa na mambo yake aliliacha, lakini kijana aliyesimama akatazama, akalifumbua herufi kwa herufi, alipolimaliza alikwisha kujihesabu miongoni mwa wanaoelewa, na mtu hawezi kujitoa kwa wepesi katika jamaa aliyojiingiza kwa juhudi zake.

Katika muda huo huo, New York, Milton Glaser alichora bango la Bob Dylan lililokunjwa na kutiwa ndani ya mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa na Columbia mwaka 1967, na nakala zake zikafika yapata milioni 6. Uso ni kivuli cheusi kilichokatwa upande, ambacho Glaser alikiri kukipata katika picha aliyojichora Marcel Duchamp. Nywele ni mawimbi ya rangi zinazong'aa, nayo alisema aliyatoa katika uchoraji wa Kiislamu. Msomaji aliyekulia katika nyumba zenye milango ya nakshi na misahafu iliyopambwa hatastaajabu kwamba mistari ile ilimvuta kijana wa Marekani, maana jicho lolote huyafuata mawimbi yanayojirudia bila kuchoka. Nami nasisitiza kwamba uso ule hauna jicho wala sura. Kila mmoja aliutia Dylan wake.

Mambo ya barabarani nayo yalibadilika. Mwaka 1967 Jac Holzman, mwenye kampuni ya Elektra, alikodi bango kubwa katika njia ya Sunset Strip, Los Angeles, kuitangaza santuri ya kwanza ya The Doors, mahali ambapo hapo kabla palitangazwa bidhaa nyingine kabisa, na walengwa wake wakubwa walikuwa watangazaji wa redio waliopita pale kwa magari wakienda kazini. Mabango yaliyofuata yalichorwa kwa mkono, na vichwa vya wanamuziki vikaruhusiwa kuvuka ukingo wa juu na kusimama angani. Mwaka 1969 bango la santuri ya The Beatles, Abbey Road, lilipandishwa vivyo hivyo, na mtu akapanda usiku akakikata kichwa cha Paul McCartney na kutoweka nacho, wakati uvumi ulipokuwa umeenea kwamba mwimbaji huyo amekufa. Jalada lenyewe halikuwa na jina la kikundi wala la santuri mbele yake: watu wanne wanavuka njia, basi.

Ukimya huo ulifikia upeo wake mwaka 1973, ofisi ya usanifu ya Hipgnosis ilipotoa jalada la The Dark Side of the Moon la Pink Floyd, lililochorwa na George Hardie, ambamo mwali wa nuru unaingia katika pembetatu ya kioo na kutoka rangi rangi. Rangi hizo zinaendelea ndani ya jalada hadi nyuma, ambako pembetatu ya pili inazikusanya tena, hivyo kwamba mwenye duka akiyapanga majalada kwa zamu dirishani, mstari wa nuru unapita toka moja hadi jingine bila kukatika. Huo ndio usanifu ninaouona mkamilifu, ambamo bidhaa yenyewe imekuwa tangazo.

Mwana wa Unguja naye ana sehemu yake katika historia hii. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kujulikana baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alisomea usanifu wa picha katika chuo cha Ealing, London, kabla ya kupata umaarufu wa uimbaji, na nembo ya kikundi chake, Queen, ni kazi ya mkono wake. Aliitunga kwa nyota za wanne wao: simba wawili kwa wenye Asadi, kaa kwa mwenye Saratani, na viumbe wawili wenye mabawa kwa ajili yake mwenyewe, mwenye Sumbula, na juu yao wote ndege mkubwa amekunjua mbawa. Mwaka 1975 nembo hiyo iliwekwa juu ya weupe mtupu katika jalada la A Night at the Opera, na aliyejua falaki aliisoma, na asiyejua aliona ufalme.

Si kila uvutaji ulikuwa wa upole. Jalada la manjano na waridi alilolisanifu Jamie Reid kwa Sex Pistols mwaka 1977, kwa herufi kama zilizokatwa magazetini na bila sura ya mtu, lilisababisha mwenye kusimamia duka moja la Nottingham ashitakiwe chini ya sheria ya mwaka 1889 ya matangazo yasiyo ya adabu, kwa kulionyesha dirishani. Mahakama ikamwachilia, na kesi ikawa imelitangaza kuliko dirisha lilivyoweza.

Kisha uwanja ukapungua. Mwaka 1981 kituo cha MTV kilianza kuonyesha nyimbo kwenye televisheni, na mwaka uliofuata ikaingia sokoni diski ya sentimita 12, ambayo jalada lake lilikuwa chini ya moja ya sita ya eneo la zamani. Kampuni nyingine zilijaribu kufidia udogo huo kwa ukubwa wa kupita kiasi, kama Sony ilivyofanya mwaka 1995 ilipotengeneza sanamu 9 za Michael Jackson, kila moja yenye kimo cha kama mita 10, na kuisafirisha moja juu ya mto Thames kwa ajili ya santuri yake, HIStory. Watu waliikodolea macho sana. Lakini sanamu ile haikuwaachia lolote la kukamilisha, na kwa sababu hiyo siihesabu pamoja na kazi za Glaser na Hardie.

Siku hizi mtu husikia wimbo kwanza ndipo aamue, na mdhamini wa sauti hana tena deni la kudhamini. Ndiyo maana Beyoncé aliweza, tarehe 13 Desemba 2013, kutoa santuri yake bila tangazo lolote la kabla, jalada likiwa ni jina lake la waridi juu ya weusi, na nakala zaidi ya 800,000 zikanunuliwa katika siku 3. Kazi iliyobakia kwa taswira ni kuwatambulisha wasikilizaji wao kwa wao, na hiyo Charli XCX aliifahamu vyema mwaka 2024 alipochagua kwa santuri yake, Brat, mraba wa kijani kikali wenye neno moja la herufi za kawaida zilizofifia, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliiga kwa simu yake, na maelfu wakaliiga kwa maneno yao wenyewe. Huko Greenpoint, Brooklyn, ukuta mmoja ulipakwa kijani hicho, na kila maneno yake yalipobadilishwa watu walikusanyika chini yake kuyasoma, kisha wakarudi kwenye simu zao kuwaarifu wengine habari za wimbo ambao ulikuwa bado haujatoka.