Kuongeza kasi ya kompyuta kuukuu: Joto ndilo mpaka

MWENYE steshenari katika kata ya Somanda, mjini Bariadi, ambaye kompyuta yake ya mezani ni ya kizazi cha Core 2 Duo kilichoingia sokoni mwaka 2006, anayo njia ya kuipatia kasi zaidi bila kununua nyingine. Njia hiyo ni kuilazimisha prosesa na memori zifanye kazi kwa mapigo mengi kuliko yaliyopangwa na kiwanda. Haihitaji fedha, lakini ikifanywa kwa pupa huharibu kazi za wateja kabla ya kuharibu mashine yenyewe.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi ya ubao mama, na kizidisho kilichomo ndani ya prosesa. Core 2 Duo E6300, kwa mfano, hutumia mapigo ya megahezi 266 mara 7, ikapata gigahezi 1.86. Mapigo hayo yakipandishwa hadi 333, prosesa ile ile hufikia gigahezi 2.33, yaani ongezeko la robo. Jambo hili si geni. Mwaka 1998 Celeron 300A ya megahezi 300 ilipata umaarufu duniani kwa kukubali kwenda 450, baada ya mapigo ya msingi kutolewa 66 na kuwekwa 100.

Hata hivyo, si kila mashine inakubali. Kompyuta za mitumba zilizotoka maofisini, zikiwamo nyingi za Dell na HP, kwa kawaida hazina kipengele hicho katika BIOS, na prosesa nyingi za Intel za kuanzia mwaka 2011 zimefungwa kizidisho. Mwenye mashine ya aina hiyo asihangaike. Kuongeza memori na kuweka diski ya SSD kutamsaidia kuliko ujanja wowote wa mapigo.

Palipo na nafasi, hatua ya kwanza ni kunakili kazi zote nje ya kompyuta. Kisha mapigo ya PCI yafungwe kwenye megahezi 33 na ya PCI Express kwenye 100, kwani yakiachwa yapande pamoja na mengine, diski inaweza kuandika data zilizoharibika.

Memori ndiyo yenye hila. Hufuata mapigo ya msingi, hivyo kwenye 333 memori ya DDR2-667 hubaki ndani ya kiwango chake, ilhali ya DDR2-533 hulazimishwa kuvuka chake kwa robo nzima. Memori iliyolemewa si lazima izime kompyuta. Yaweza kubadili tarakimu moja katika orodha ya alama za wanafunzi, kimyakimya, na kosa likahifadhiwa kama kweli. Kwa hiyo kila badiliko lipimwe kwa programu ya Memtest86+ usiku kucha, kabla Windows haijafunguliwa. Kosa hata moja latosha kurudisha mapigo nyuma.

Mapigo yapandishwe megahezi 5 hadi 10 kwa mara moja, na prosesa itumikishwe kwa Prime95 huku joto likitazamwa. Ikikaribia nyuzi 70, inatosha. Volti zisiguswe. Joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti: ukiongeza volti kwa asilimia 10 pamoja na ile robo ya mapigo, prosesa hutoa joto la mara moja na nusu. Kompyuta ikigoma kuwaka, waya wa umeme uchomolewe na betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama itolewe kwa dakika chache, ili mipangilio ya kiwanda irudi.

Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikitoka nyuzi 24 hadi 32, prosesa nayo hupanda kwa takriban nyuzi 8 zile zile, na vumbi la kiangazi likiziba kipoza joto hupanda zaidi. Kipoza joto kisafishwe, na pesti iliyokauka kati yake na prosesa ibadilishwe, kabla ya jaribio lolote. Jaribio la mwisho lifanyike saa nane mchana, mlango wa duka ukiwa kama unavyokuwa siku za kazi, si alfajiri kungali baridi.